Voltimita Haina Masikio

Kwenye jengo moja la Luthuli Avenue, katikati ya jiji la Nairobi, kuna fundi ambaye kibanda chake hakizidi upana wa dawati la shule. Miguuni pake ameweka ndoo ya plastiki iliyojaa seli za duara, kila moja nene kama kidole gumba cha mkulima. Mafundi huziita kwa namba zao, 18650: milimita 18 kwa upana, milimita 65 kwa urefu. Amezitoa kwenye betri za laptopu zilizokufa, na anazichambua kama mtu anayechambua mchele. Mita ikisoma volti 3 na ushei, seli inaenda kulia. Ikisoma chini ya hapo, inaenda kushoto. Za kulia zitarudi mjini zikiwa taa za sola, spika na pawabenki.

Siku niliyosimama pale alifanya jambo la ziada. Seli moja ilisoma 3.71, namba nzuri kabisa, lakini hakuipeleka kulia. Aliigonga ukingoni mwa meza, akaileta sikioni.

"Unasikia nini, fundi?"

"Hakuna kitu, mkubwa. Ni mazoea tu. Hata tikiti maji siwezi kununua bila kuligonga."

Nimelifikiria tendo lile kwa majuma kadhaa, kwa sababu maabara zenye mitambo ya mamilioni sasa zinafanya vivyo hivyo. Zinaigonga betri na kutega sikio, au zinakaa kimya kusubiri betri yenyewe iseme. Hoja yangu leo ni fupi, ingawa njia ya kuifikia ina kona. Kusikiliza betri kunatuambia mambo ambayo mita haiwezi kuyajua. Ila sauti haina maana mpaka iwe na nyingine ya kulinganishwa nayo, na hapa Nairobi ile nyingine iko mikononi mwa watu wachache sana.

Tuanze na mambo ya zamani. Wengi wa rika langu tulilelewa na mawe ya redio. Yakichoka tuliyaanika juani, au tuliyang'ata kidogo, tukayarudisha na redio ikaongea tena hadi taarifa ya habari iishe. Kulikuwa na waliodai kwamba ukiliangusha jiwe sakafuni, jipya hutua na kutulia, na lililotumika huruka. Mwaka 2015 Dan Steingart na wenzake katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliliweka jambo hilo kwenye mizani kwa kutumia mawe ya alkali. Ni kweli, hurukaruka. Zinki iliyo ndani inapotumika hugeuka oksidi, chembe zake zikashikana, na jiwe likawa na mnato mdogo na mruko mkubwa. Lakini waligundua pia kwamba mruko hupanda hadi kama nusu ya safari ya jiwe, kisha unakaa pale pale. Maana yake, jiwe linaloruka linakiri tu kwamba si jipya. Halisemi limebakisha nini. Kwa hiyo wale wazee wetu walikuwa sahihi nusu, na sijui ni maarifa mangapi ya mtaani yamewahi kupata alama hizo kutoka Princeton.

Mwaka huo huo, kundi hilo hilo lilichapisha kazi nyingine, na hii ndiyo iliyofungua mlango. Waliacha kuangusha betri, wakaanza kupitisha ndani yake mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu. Wimbi linaingia upande huu, linatokea upande wa pili, na unapima mambo mawili: limechukua muda gani, na limefika na nguvu kiasi gani. Basi. Betri inachajiwa, sauti inabadilika. Inatumika, sauti inabadilika tena. Inazeeka, sauti hairudi pale ilipokuwa.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi tuone seli ilivyo ndani. (Usiifungue. Nitakueleza.) Ni karatasi mbili ndefu za madini, moja ya shaba na nyingine ya alumini, zilizopakwa unga, zikatenganishwa na utando wa plastiki wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, kisha zikakunjwa kama mkeka na kulowekwa kwenye kimiminika. Upande wa shaba unga wake ni grafiti, ndugu wa ile iliyo ndani ya penseli. Unapochaji, lithiamu inatoka upande wa alumini na kwenda kujipenyeza kati ya matabaka ya grafiti. Grafiti inapokea wageni hao na kuvimba kwa kama asilimia 10. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba inakuwa ngumu pia, karibu mara tatu ya ugumu wake ikiwa tupu.

Sauti hupenda vitu vigumu. Hupita upesi kwenye chuma kuliko kwenye maji, na kwenye maji kuliko hewani. Kwa hiyo seli iliyojaa chaji hupitisha wimbi haraka kuliko seli ile ile ikiwa imeisha. Wahenga walituambia debe tupu haliachi kuvuma. Kwa seli ya lithiamu, ile iliyojaa ndiyo yenye haraka ya kujibu. Tofauti ni ndogo mno, sehemu ya milioni moja ya sekunde au chini ya hapo, lakini saa za kielektroniki za siku hizi haziogopi vipande vidogo hivyo.

Sasa linganisha na mita ya fundi wetu. Volti inafanana na msukumo wa maji kwenye bomba. Unakisia kiasi kilichomo tangini, lakini huwezi kujua kama tangi lenyewe linaoza. Na kwa betri nyingi zinazotumika sasa kwenye pikipiki, mabasi na sola, zile za lithiamu na fosfati ya chuma, hata kukisia ni shida. Seli ya aina hiyo hukaa karibu na volti 3.2 au 3.3 kwa sehemu kubwa ya safari yake, iwe imebakisha robo tatu au robo moja. Ndiyo maana ubao mdogo wa kielektroniki unaosimamia betri, ule mafundi wanaouita BMS, hauitegemei volti peke yake. Unahesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama mama mwenye duka la mtaa na daftari lake la madeni. Daftari zuri, ila kosa la shilingi moja kila siku halijifuti lenyewe. Baada ya miezi, daftari linasema jambo moja na rafu inasema lingine. Wimbi la sauti halina daftari. Linapita kwenye rafu yenyewe.

Kuna gesi pia, na hapa ndipo ninapoona faida kubwa zaidi. Kila mwenye simu Nairobi amewahi kuona betri iliyofura ikisukuma kioo kama mkate uliotiwa hamira nyingi. Kufura kule ni mwisho wa hadithi ndefu. Kimiminika kilicho ndani kimekuwa kikivunjika kidogo kidogo kwa joto, kwa kuchajiwa kupita kiasi au kwa uzee, na kutoa viputo. Mita haioni viputo. Kipimajoto hakioni. Sauti inaviona siku ya kwanza, kwa sababu ile ile inayomfanya mhudumu wa kliniki ampake mama mjamzito mafuta yale baridi tumboni kabla ya kumpima. Wimbi la namna hii likitoka kwenye kitu kigumu au kimiminika na kukutana na gesi, karibu lote linagonga na kurudi. Mafuta yale yanaondoa hewa ili wimbi lipite. Ndani ya betri hakuna wa kuiondoa, basi wimbi linalofika upande wa pili linadhoofika ghafla. Seli inaweza kuonekana nyoofu kama siku ilipotoka kiwandani, volti 3.71 safi, huku ndani imeanza kutoa povu.

Huko ni kugonga. Kuna njia ya pili, ya kukaa kimya. Unga uliopakwa kwenye zile karatasi unavimba na kusinyaa kila unapochaji na kutumia, na chembe zake hupasuka. Kila ufa unatoa mlio mdogo, wa masafa ya juu kuliko sikio linavyoweza kufika. Viputo navyo vina mlio wao. Kwa muda mrefu tatizo lilikuwa kwamba kihisi kilichobandikwa kwenye betri husikia kelele nyingi bila kujua ipi ni ipi. Mwaka 2025 kundi la Martin Bazant huko MIT, Marekani, lilichapisha katika jarida la Joule utafiti unaooanisha milio hiyo na matukio yake. Walisikiliza betri huku wakipima umeme wake, kisha wakaangalia kilichotokea ndani, wakaweza kutofautisha mlio wa gesi na mlio wa kitu kinachopasuka. Huo ni mwanzo wa kamusi. Bado ina kurasa chache, ila kabla yake tulikuwa na makelele tu.

Sina budi kuonyesha ubovu wa mambo haya, maana nimechoka na makala zinazouza kila kifaa kipya kama dawa ya miti shamba inayotibu maradhi arobaini. Kwanza, joto. Seli ikipata joto inalegea na sauti inachelewa, na kuchelewa huko kunaweza kufanana na kuisha chaji. Usipopima joto kwa makini, unaweza kudhani betri imepungua kumbe ni jua la saa saba. Pili, kihisi sharti kibane. Kikilegea kidogo kuna hewa katikati, na nimeshaeleza hewa inavyofanya. Sasa fikiria pikipiki inayoshuka kila siku barabara za ndani za Kayole baada ya mvua za Aprili. Tatu, na hili ndilo zito, betri ya pikipiki si seli moja. Betri ya volti 72 inahitaji seli 20 au zaidi kwa mfululizo, na mara nyingi kila nafasi ina seli kadhaa zilizoungana. Wimbi halivuki kutoka seli hii hadi ile kama habari inavyovuka ukuta wa ploti. Unataka kuzisikia zote? Weka kihisi kwa kila moja, au kwa kila kundi dogo, tangu betri inapoundwa. Ukibandika kimoja kwenye kasha la nje utasikia zaidi kasha.

Kuna pia wanaotaka kutumia maikrofoni ya kawaida kama king'ora. Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilionyesha mwaka 2024 kwamba seli nyingi zenye kasha la chuma hutoa mlio maalumu pale vali yake ya usalama inapovunjika kwa msukumo wa gesi: mshindo mdogo na mfoko, kama kufungua chupa ya soda. Watafiti wake wawili, Wai Cheong Tam na Anthony Putorti, walichukua rekodi za betri 38 zilizolipuliwa, wakazibadilisha kasi na kina cha sauti hadi wakapata zaidi ya sampuli 1,000, wakaifundisha programu. Iliutambua mlio huo kwa asilimia 94. Katika majaribio yao ya mwanzo, vali nyingi zilivunjika kama dakika mbili kabla ya seli kuripuka. Walijaribu hata kuidanganya kwa sauti za milango, hatua za watu na makopo ya soda yakifunguliwa, na ni chache tu zilizoichanganya.

Nilicheka niliposoma habari za makopo, kwa sababu nilimwona fundi wangu wa Luthuli na kreti la soda la jirani yake, wimbo wa matatu ukitikisa vioo vya dirisha, na grenda ikipiga kelele ghorofa ya juu. Programu iliyofundwa kwenye utulivu wa maabara italazimika kufundwa upya Nairobi. Lakini sitaibeza. Kuna waendeshaji wanaochajia betri ndani ya nyumba ya chumba kimoja, karibu na kitanda, kwa sababu ukiiacha nje hutaikuta. Vifaa vya kunusa moshi husubiri moshi, na moto wa lithiamu unaweza kufuata sekunde chache tu baada ya moshi wa kwanza. Dakika mbili kwenye ghorofa ya sita mtaani Pipeline, ambako ngazi ni nyembamba na watoto wamelala, ni muda mrefu sana.

Hata hivyo king'ora ni habari ya mwisho. Kinachonivutia mimi ni habari ya katikati, ile miaka ambayo betri haijafa wala haiko sawa, na watu wanabishana juu yake. Ubishi huo Nairobi umeshaanza.

Tangu kampuni kama Roam, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ziingize pikipiki za umeme mjini, na nyingine zifungue vituo vya kubadilishia betri, kumezuka aina mpya ya ugomvi kwenye stendi za bodaboda. Kwenye mpango wa kubadilisha, mwendeshaji ananunua pikipiki na betri inabaki mali ya kampuni. Anafika kituoni na betri iliyoisha, anapewa iliyojaa, analipa, anaondoka. Waendeshaji husema wanakwenda kuswapu. Mmoja ninayemfahamu, wa stendi ya Ngong Road, aliwahi kupewa betri iliyosoma asilimia 98. Alibeba abiria kutoka Adams, na kabla hajaivuka Karen ilisoma 30. Abiria akashuka kwa hasira bila kulipa. Aliporudi kituoni alimwambia mhudumu, "Kaka, hii betri imechoka." Mhudumu akageuza skrini: asilimia 98 wakati wa kutolewa, afya nzuri. Labda uliendesha vibaya, kaka. Labda mlima, labda upepo. Kampuni sitaitaja, na pengine mhudumu yule hakuwa na kosa. Alikuwa akisoma daftari la BMS. Mwendeshaji naye alikuwa na ushahidi wa mwili wake tu, kwamba pikipiki imelegea chini ya makalio yake, na hakuna skrini inayopokea ushahidi wa aina hiyo.

Kituo cha namna hii ndicho mahali panapofaa zaidi kusikiliza betri. Kila betri inarudi baada ya saa chache. Inakaa kwenye rafu moja, haitikisiki, na joto la Nairobi, jiji lililo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, halina ukatili wa joto la Mombasa wala Lodwar. Na la maana zaidi, kampuni ina betri nyingi za aina moja, kutoka kiwanda kimoja, za umri unaokaribiana. Hata kama hawakurekodi sauti ya kila moja siku ya kwanza, wanaweza kumlinganisha kila ndugu na ndugu zake. Betri mia tano zikiimba sauti moja na moja ikachelewa, huhitaji kuwa profesa. Kampuni zitaifanya kazi hii siku vihisi vitakapokuwa na bei nzuri, na zitafanya vizuri kuifanya.

Ila matokeo yatabaki kwao. Kwenye skrini ya mhudumu kutaongezwa namba moja tu, "afya asilimia 91", na ubishi utaisha kwa sababu mashine imesema. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema teknolojia hii italeta haki yenyewe. Asilimia ni maoni. Mtu fulani ofisini ameamua kwamba kuchelewa kiasi hiki kwa wimbi ni sawa na uchakavu kiasi kile, na kwamba kuanzia asilimia fulani betri itastaafu. Mazoea ya magari ya umeme ni 80, lakini hiyo ni desturi, haikuteremshwa mlimani. Ushahidi ni wimbi lenyewe: limechukua muda gani, limefika na nguvu gani, kwenye joto gani. Mwendeshaji huenda asilielewe, kama vile wengi wetu hatuelewi picha ya eksirei. Lakini picha ya eksirei unapewa ukitoka hospitalini, uipeleke kwa daktari mwingine ukitaka.

Upande wa magari yaliyotumika ugonjwa ni ule ule kwa sura nyingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na magari hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Kwa injini, miaka ni kipimo kibovu lakini kinachovumilika. Kwa betri, gari la miaka 3 lililochajiwa kwa pupa kila siku linaweza kuwa bovu kuliko la miaka 7 la mwalimu mstaafu wa Osaka. Nissan Leaf huonyesha afya ya betri kwa vijumba 12 kwenye dashibodi, na mnunuzi wa Nairobi anahesabu vijumba kama anayehesabu meno ya ng'ombe mnadani. Angalau meno ni ya ng'ombe mwenyewe. Vijumba ni programu inayojisimulia.

Nirudi kwenye ndoo ya Luthuli, maana ndiko betri zote hizi zinakoelekea. Betri ya kituo ikistaafu, haifi. Itafunguliwa, seli zake zichaguliwe, na zifanye kazi nyepesi miaka mingine: taa za kibanda, sola ya kanisa, redio ya mlinzi. Mwaka 2023, baada ya moto wa betri za baiskeli za umeme kuua watu, jiji la New York lilipiga marufuku kuunda betri kwa seli zilizotolewa kwenye betri kuukuu. Nawaelewa. Lakini sheria kama hiyo hapa ingekuwa sawa na kupiga marufuku mitumba: biashara ingehamia chumba cha nyuma, na mafundi wazuri ndio wangekuwa wa kwanza kuacha. Fundi mwangalifu ana njia zake tayari. Anaichaji seli na kuiacha rafuni wiki mbili aone kama volti inashuka yenyewe. Anapima ukinzani wa ndani. Akiwa na muda, anaijaza na kuimaliza kwa mzigo anaoujua ili apate ujazo wake halisi, kazi ya saa kadhaa kwa seli moja. Wimbi la sauti linachukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na lingemwambia kuhusu gesi ambayo njia zake zote hazioni.

Vifaa si ndoto. Moyo wa kihisi ni kitu kinachobadilisha msukumo kuwa umeme na umeme kuwa msukumo, tabia ambayo ndugu Pierre na Jacques Curie waliigundua mwaka 1880. Kisahani cha namna hiyo kimo ndani ya ving'ora vingi vya bei rahisi, ingawa cha kupima betri kinahitaji kutetemeka mara milioni na zaidi kwa sekunde, na saa ya kuhesabu vipande vya milioni ya sekunde. Ni kazi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho pale Technical University of Kenya, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Luthuli, angeweza kuianza. Ningependa kuona shindano moja la wanafunzi lisilohusu programu nyingine ya simu ya kuuza nyanya.

Kikwazo cha fundi kiko kwingine. Ndoo yake imejaa mayatima. Seli ya kampuni hii na ya ile, ya mwaka huu na ya mwaka ule, haina ndugu wa kulinganishwa naye wala cheti cha kuzaliwa. Atapata wimbi, na wimbi litamwambia kwamba sauti imechukua muda kadhaa. Ni mwingi au mchache? Kwa seli nene ya kiwanda kimoja huenda ni uzima, kwa nyingine ni kilio.

Kwa hiyo kazi ya serikali iko wapi? Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtwika anayeingiza au kuzalisha bidhaa jukumu la kuifuata hadi mwisho wake. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za magari ya umeme, za vyombo vyepesi kama baiskeli na skuta, na za viwandani zinazozidi kilowati-saa 2 zitatakiwa kuwa na pasipoti ya kidijitali, mraba wa kuskani unaobeba historia yake. Sauti haimo kwenye pasipoti hiyo. Pasipoti ya Ulaya itatufikia Nairobi ikitaka isitake, ikiwa imebandikwa kwenye betri kuukuu ndani ya kontena. Shirika la viwango, KEBS, linaweza kusubiri itufikie, au linaweza kuandika sasa kwamba kila betri ya pikipiki, ya basi au ya sola inayoingia nchini au kuunganishwa hapa ije na rekodi ya sauti ya aina yake ikiwa mpya, kwa joto linalojulikana, na kwamba rekodi hiyo iwe wazi kwa yeyote mwenye betri mkononi. Gharama ni ndogo, seli chache kwa kila toleo la kiwanda, kipimo cha nusu siku. Kampuni zitalia kwamba ni siri ya biashara. Muda ambao sauti huchukua kupita kwenye seli si siri kwa yeyote mwenye vifaa vya kuipima. Siri inabaki kwa asiye navyo tu.

Na kwa betri ya kituoni, mwendeshaji apewe wimbi pamoja na asilimia. Kwenye simu yake, bila kuomba.

Nilirudi Luthuli juzi nikamweleza fundi haya yote, kwa urefu kuliko alivyohitaji. Alikuwa akitengeneza redio na hakuinua kichwa hadi nilipofika kwenye kisahani cha Curie. Akavuta droo, akatoa king'ora cha lango kilichokufa, akakibandua kwa bisibisi na kunionyesha kiduara cha shaba chenye doa jeupe.

"Hiki?"

Nikamwambia ndugu yake, lakini wa masafa ya juu zaidi.

Akakigeuzageuza. "Sawa. Tuseme ninacho. Nimeisikia hii seli. Nitailinganisha na nini, mkubwa?"

Seli ile ya 3.71 ilikuwa bado mezani, haijaenda kulia wala kushoto. Aliitazama kidogo, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika ubavuni mwake tarehe ya siku ile, volti, na jina la mteja aliyeileta. Kisha akachukua nyingine kwenye ndoo, akaiandika nayo.